Kadi Niliyoisoma Mbele ya Jumuiya

Wasomaji wenzangu, kwa muda wa mwaka mzima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za masomo ya jioni, kwamba wadudu wa magonjwa ya zinaa wanaishi sehemu moja tu ya mwili wa mwanaume: chini ya govi. Niliamini wamejipanga mle kama kunguni kwenye kitanda cha bweni. Na niliamini kwamba kampeni za tohara huku kwetu hufanyika Juni na Julai kwa sababu moja tu: ngozi ikishakatwa, ile baridi ya Mbeya inawaua wote kabla hawajapata pa kukimbilia...

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nacheka, halafu nikimaliza natafuta pa kukaa.

Nina umri wa miaka thelathini na sita. Ni fundi seremala, mkazi wa Soweto, Mbeya. Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, nikitoka karakana na vumbi la mbao kichwani hadi mwalimu akawa ananiita Babu. Cheti changu nimekitundika ukutani. Baiolojia nilipata alama ambayo ningeitangaza redioni kama wangenipa nafasi. Kwa hiyo msidhani nilikuwa mtu asiyejua kitu. Nilijua mengi sana, na karibu yote hayakuwa kweli.

Habari hiyo ya wadudu niliipata kwa Gwamaka, kijana wa makamo anayepaka vanishi kwenye karakana yangu.

"Kaka, ukishakatwa umefungwa," aliniambia. "Ni kama tairi lisilo na tyubu. Mwiba unagonga, unarudi."

"Mbona wapo waliokatwa na bado wanaugua?"

Gwamaka aliweka brashi chini. "Hao wake zao wamelala na mtu asiyekatwa. Ugonjwa wa namna hiyo ndio unaopenya."

Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote. Laiti siku ile ningekuwa na pamba masikioni...

Mke wangu anaitwa Yusta, mzaliwa wa Mlandege, Iringa. Tuna binti mmoja, Ana, mwenye miaka minne. Yusta ndiye aliyenishawishi nikatahiriwe. Alikuwa amesikia kliniki kwamba tohara ya mwanaume inamsaidia na mwanamke, inampunguzia hatari ya saratani ya shingo ya kizazi. Akaniambia, "Baba Ana, nenda. Nitakuuguza."

Na kweli aliniuguza. Nilirudi nimevaa kanga yake, natembea miguu imeachana upana wa mlango wa ghala. Alinipikia uji wa ulezi, akanipeleka kwenye tarehe zangu za kusafishwa kidonda, akanizuia hata kuinua ndoo. Muuguzi alituambia wote wawili: wiki sita bila tendo la ndoa, na baada ya hapo tohara si ruhusa ya kutembea ovyo. Yusta alisikiliza. Mimi nilikuwa namchekesha mzee wa kitanda cha pili.

Kile kikadi cha tohara walichonipa nilikipeleka stationari, nikakiwekea plastiki ngumu. Nilikitia kwenye pochi, mbele ya kitambulisho cha taifa.

Siku ya kumi na tisa baada ya tohara nilisafiri kwenda Mafinga kuchukua mbao.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito, lakini nimeahidi kusema ukweli. Pale Mafinga mbao zilichelewa siku mbili, na kulikuwa na mama mmoja mpishi kwenye mgahawa nilipokuwa nakula. Simtaji jina na simlaumu. Yeye alitaka tutumie kinga. Mimi nikatoa kadi yangu yenye plastiki nikamwonyesha, kama askari anavyoonyesha kitambulisho getini. Nikamwambia mimi nimefungwa, siambukizi wala siambukizwi. Aliitazama kadi ile mbele na nyuma... akaniamini. Karatasi ya serikali ile, nani asingeiamini?

Kidonda kiliuma kama kimemwagiwa pilipili za Kyela nzima. Nikajiambia ni kidonda tu.

Nikarudi nyumbani na mbao zangu. Baada ya siku chache nikaanza kutoka usaha. Nikajiambia kidonda kinamalizia uchafu. Nikajiosha kwa maji ya chumvi, wiki mbili, usaha ukapungua, ukaisha. Nikamtangazia Yusta kwamba nimepona kabla ya wakati, mwili wangu ni wa chuma. Yusta aliuliza kama wiki sita zimetimia. Nikamwambia mimi ndiye mwenye mwili.

Mwezi wa Agosti Yusta akaanza kulalamika tumbo. Alikuwa anakaanga chipsi pale njia panda, akawa anakaa chini kila baada ya sahani mbili. Siku moja akafunga mapema, akaenda kituo cha afya peke yake. Alirudi mchana na vidonge, na kikaratasi kidogo kilichokunjwa. Alinikuta karakana. Akaniita pembeni, sauti ya chini.

"Baba Ana, wamenikuta na ugonjwa. Kisonono. Mimi nimeshachomwa sindano. Wamenipa kadi hii, twende nayo kesho na wewe utibiwe."

Wasomaji, damu yangu ilipanda hadi nikasikia masikio yanapiga filimbi. Mafinga haikunijia kichwani hata kidogo! Naapa. Mafinga nilikuwa nimeshafungwa, kwa hiyo Mafinga haikuwepo. Hesabu ilikuwa wazi kabisa: mimi nimekatwa, ugonjwa umeingia nyumbani kwangu, basi mke wangu amelala na asiyekatwa.

"Mwenye ugonjwa ni wewe," nikamwambia. "Mimi niende kufanya nini?"

"Wamesema wote wawili."

"Walisema hivyo kwa sababu hawajaona kadi yangu."

Yusta alipangusa vumbi la mbao mezani. Hakulia. Aliiweka ile karatasi juu ya meza ya randa, akaondoka. Mimi nikaichukua, nikaikunja vizuri, nikaiweka mfukoni. Nilikuwa nimeshapata ushahidi.

Sasa nikaanza kumtafuta mwanaume. Mtaani kwetu ile kampeni ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba, na karibu wote ambao hawakuwa wametahiriwa walikwenda. Nikakaa na Gwamaka tukawahesabu mmoja mmoja kama mbao. Akabaki mmoja: Sanga, muuza viazi, mtu wa Makete mwenye kirikuu cheupe, kile kigari kidogo cha mizigo. Yeye hakwenda kwenye kampeni. Tena siku ile nilivyorudi na kanga, alisimama nje ya stoo yake akacheka hadi akashika mlango. Na viazi vya chipsi Yusta alikuwa ananunua kwa nani? Kwa Sanga. Na nani alikuwa akimtwisha gunia kichwani? Sanga!

Nilifurahi kumpata. Nawaambia ukweli, ile furaha ilikuwa tamu. Nilikuwa naranda mbao huku natabasamu. Sikutaka kumpiga mtu, kupiga kunaisha. Nilitaka kitu cha kudumu.

Tuna jumuiya ndogo ya kanisa, ya nyumba kwa nyumba, Jumamosi asubuhi. Zamu hiyo tulikuwa kwa mwenyekiti wetu, mama mmoja mtu mzima wa Kisafwa. Baada ya sala, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikatoa kadi ya Yusta mfukoni, nikaisoma yote. Namba yake. Tarehe. Kile kifupi cha herufi zinazotaja ugonjwa, nikakifafanua kwa Kiswahili fasaha, nikijivunia Baiolojia yangu. Nikamtaja na Sanga, ambaye ni wa kanisa lingine na hakuwepo kujitetea.

Yusta alikuwa amekaa karibu na dirisha, Ana amelala mapajani mwake.

"Baba Ana," akasema polepole, "hiyo kadi ni yako."

"Yangu ni hii," nikamjibu. Nikatoa ile yenye plastiki, nikaiinua juu watu waione. Jua la dirishani likaipiga, ikang'aa.

Mwenyekiti alisema, "Mwanangu, kaa chini." Sikukaa. Nilitoka nje nikiwa nimenyooka kama nimetoka kupokea zawadi kwa mkuu wa mkoa.

Habari ilifika njia panda kabla yangu. Kufikia Jumatatu wanawake wa mtaa walikuwa wanavuka barabara ili wasipite mbele ya stoo ya Sanga. Viazi vyake vikaanza kuota macho kwenye magunia. Mimi nilikuwa nakwenda kusimama upande wa pili wa barabara, nala muhogo wa kuchoma, naviangalia vinavyoota. Sijawahi kula muhogo mtamu kama ule.

Lakini haikunitosha. Kisasi kina njaa yake. Wiki iliyofuata nikampandisha Yusta basi, yeye na Ana na begi moja, nikampeleka mwenyewe hadi Mlandege. Nilitaka nimkabidhi kwa mkono wangu.

Baba mkwe ni fundi mwashi aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Alitupokea vizuri, akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akaagiza chai. Nikamwekea ile kadi mezani, nikatoa hotuba ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi ndani ya basi kuanzia Igawa. Nadhani nilizungumza saa nzima, na mama mkwe anasema ni zaidi.

Baba mkwe hakuigusa kadi. "Mkwe, umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Mwanangu, wewe una la kusema?"

Yusta akasema, "Nilishasema, baba. Nilisema mara mbili."

"Basi," mzee akaniambia, "chai yako inapoa. Ukimaliza, basi la Mbeya lipo la saa saba."

Ana alinikimbilia hadi getini akidhani tunakwenda dukani. Hilo nililiona. Nikapanda basi hata hivyo.

Mwezi mmoja nikaishi kama mfalme aliyeshinda vita. Nilikula chipsi za watu wengine. Nililala katikati ya kitanda. Halafu, asubuhi moja ya Oktoba, niliamka korodani moja inauma. Mchana ikavimba. Kesho yake ilikuwa sawa na parachichi la Rungwe, lile la daraja la kwanza linalopelekwa nje, na homa ilikuwa inanitetemesha hadi meno yanagongana. Gwamaka alinitazama kwa mbali, akasema huenda ni baridi. Baridi, Oktoba!

Nikatoka kwenda kituo cha afya kwa miguu. Nilifika mbele ya stoo ya Sanga nikashindwa. Nikashika nguzo ya umeme, nikabaki pale. Sanga alitoka, akaniangalia, akaenda kuwasha kirikuu chake, akakileta hadi miguuni pangu.

"Panda."

"Sipandi gari lako."

"Basi tembea."

Nilipiga hatua mbili. Nikapanda.

Aliendesha taratibu, akikwepa mashimo kwa ajili yangu. Nyuma magunia yalikuwa matupu. Mimi hasira na maumivu vilikuwa vimechanganyika, nikaona bora nimalize. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeniletea haya. Mtu usiyekatwa."

Sanga alisimamisha gari katikati ya barabara. Akanigeukia.

"Bwana mdogo, mimi nilitahiriwa nina miaka saba, kule Njombe. Baba yangu alikuwa mpishi wa hospitali ya misheni. Hata hiyo kampeni wangekuja na magari ishirini, kwangu hakuna cha kukata."

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Nilikuwa nakucheka unavyotembea. Nani asingecheka?" Akaweka gia. "Na kisonono nimeugua mara mbili, nikiwa kijana, machimboni Chunya. Govi nilikuwa nimeshaliacha Njombe zamani. Mke wako simjui zaidi ya gunia la viazi. Sasa nyamaza, mashimo yako mbele."

Hapo ndipo Mafinga ilipokuja... Ilikuja yote kwa mara moja: yule mama anageuza kadi yangu mbele na nyuma, kidonda kinachochoma, usaha, maji ya chumvi. Sanga alinipeleka hadi mlango wa kituo, akanishika mkono kunishusha, akaondoka. Hadi leo hajanisalimia tena, na haki anayo.

Ndani nilimkuta tabibu, dada mmoja mwenye miwani. Alinipima, akaniuliza maswali, nikajibu yote. Nikapimwa pia virusi vya UKIMWI. Nilingoja majibu yale kwa dakika ambazo zilikuwa ndefu kuliko masomo yangu yote ya jioni. Sikuwa navyo, lakini nikapewa tarehe ya kurudi kupima tena. Kisonono nilikuwa nacho, kimekaa ndani kimya kikinila. Alisema mrija mmoja wa mbegu unaweza kuwa umeziba kabisa, na kama nilikuwa natamani mtoto wa pili, nisimhesabu bado. Mengine aliyoniambia nitayaandika mwisho, kwa sababu hayo ndiyo ninayotaka muondoke nayo.

Mtu aliyezoea kisasi haachi kirahisi. Nilipopona kidogo nilikwenda karakana nikamshika Gwamaka shati.

"Kaka, mimi niliambiwa mnadani Mbalizi na mtu wa ng'ombe," akasema. "Sikujua wewe utaishika kama Biblia. Wewe si ndiye msomi?"

Nikamwachia shati.

Desemba nikaenda Mlandege. Nilibeba kuku wawili na sukari, nikapiga magoti sebuleni kwa baba mkwe, nikasema yote, hata Mafinga. Mama mkwe akatoka nje. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, kama mara ya kwanza, halafu akamwita Yusta.

Yusta alisimama mlangoni. Alikuwa amenenepa kidogo, ametulia. Hakuniuliza kuhusu yule mwanamke wala hakunitukana. Aliniambia, "Ulisoma mbele ya watu. Utasoma tena, mbele ya watu wale wale. Kadi yako ya matibabu. Na mimi nitakuwepo."

Nikaona ni rahisi. Nikasema nitasoma hata uwanja wa mpira.

Mwezi wa Januari alikuja kweli. Jumuiya ilikuwa kwa yule yule mwenyekiti. Yusta alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kile cha dirishani, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Nikasimama na karatasi yangu. Nikaanza: namba yangu, tarehe, ugonjwa, nani alianza, wapi, siku ya ngapi baada ya tohara. Nilitaka nikimbie haraka haraka nimalize.

"Soma taratibu," Yusta akasema. "Akina mama wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia kuanzia mwanzo. Nikamsafisha na Sanga, kwa jina. Nilipofika kwenye Mafinga, mtu mmoja alicheka, wengine wakamnyamazisha, na mimi nikatamani wangemwacha acheke. Nilisoma nikijua sasa Yusta anakula muhogo wake, na kwamba ninastahili kila kitafuno.

Nilipomaliza, mwenyekiti akauliza kama Yusta ana neno. Akasema hana. Akawashika mikono akina mama mmoja mmoja, akatoka. Nilimfuata nje nikamuuliza kama tunakwenda nyumbani.

"Nakwenda stendi," akasema. "Ana hajui nimekuja Mbeya. Nataka nifike kabla hajalala."

"Na mimi je, Mama Ana?"

"Wewe umesoma vizuri. Nilikuwa nataka hilo."

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa anauza chipsi Mlandege, nasikia ana meza mbili. Naruhusiwa kumwona Ana mara moja kwa mwezi, mbele ya babu yake. Sijui kama Yusta atarudi, na nimeacha kuuliza kwa sababu kila nikiuliza napewa chai.

Wanaume wenzangu, nawasihi. Nendeni mkatahiriwe, ni jambo jema, mimi silaumu kisu. Lakini zile wiki sita zingojeni, hata mkijiona wa chuma. Kadi ya tohara si kibali. Na siku mkeo akikuletea karatasi kutoka kliniki kwa sauti ya chini, vaa viatu uende naye siku hiyo hiyo. Usitafute mwanaume wa kumlaumu mtaani. Anza kujitafuta wewe mwenyewe, utajipata haraka sana... Mimi nilitafuta kisasi nikakipata chote, na kila kipande cha kisasi kile nilikikata kwenye nyumba yangu.

Sasa niwaandikie alichosema yule tabibu, kama alivyokisema, bila chumvi yangu. Nilikuwa nimemaliza kumweleza habari za wadudu na baridi ya Juni. Hakucheka. Alivua miwani, akasema:

"Baba, kampeni tunafanya miezi ya baridi kwa sababu shule nyingi zinakuwa zimefungwa na mashamba hayana kazi nyingi, na watu wanaamini kidonda kinapona vizuri. Baridi haiui ugonjwa. Tohara inampunguzia mwanaume uwezekano wa kupata virusi vya UKIMWI, haiuondoi. Kisonono aliyetahiriwa anakipata kama asiyetahiriwa. Ukikutana na mtu kabla kidonda hakijapona, hatari inaongezeka. Kinachokukinga ni kondomu, na kuwa na mwenza mmoja aliyepimwa. Na ile kadi tunampa yeyote tuliyemtibu ampelekee mwenzake, haisemi nani alianza. Mkeo alikuletea ili na wewe upone."